Radivoj Korać: Mashoto wa Belgrade

Ukimsimamisha mwanafunzi yeyote hapa shuleni umuulize majina ya mabingwa wa mpira wa vikapu, atakutajia Michael Jordan kabla hujamaliza kuuliza. Akiwa mjuzi kidogo ataongeza Kobe Bryant na LeBron James. Wote hao ni Wamarekani. Mimi leo nataka kukusimulia habari za bingwa mwingine ambaye wengi wetu hatujawahi kumsikia, ingawa huko Ulaya kikombe kizima kilipewa jina lake, na kwao siku aliyofariki ilitengwa mpira usichezwe. Bingwa huyo ni marehemu Radivoj Korać. Jina lake la mwisho hutamkwa kama Korachi, kwa hivyo usijiume ulimi bure. Tega sikio, maana habari zake ni tamu mwanzo na chungu mwisho.

Korać alizaliwa tarehe 5 Novemba 1938 katika mji wa Sombor, kaskazini mwa Serbia, si mbali na mpaka wa Hungary. Siku hizo Serbia haikuwa nchi peke yake. Ilikuwa sehemu ya nchi kubwa iliyoitwa Yugoslavia, ambamo Waserbia, Wakroatia, Waslovenia, Wabosnia na wengineo waliishi chini ya bendera moja. Nchi hiyo ilianza kuvunjika mwaka wa 1991, tena kwa vita vya kusikitisha, na ukiitafuta katika ramani ya leo hutaiona. Lakini wakati wa Korać ilikuwapo, na jezi aliyoivaa ilikuwa ya Yugoslavia yote.

Utoto wake haukuwa wa raha. Alipokuwa na miaka miwili tu, mwezi wa Aprili 1941, ndege za Wajerumani zilishambulia mji mkuu wa Belgrade na nchi ikatekwa. Vita vilipokwisha mwaka wa 1945 miji mingi ilikuwa magofu. Vijana wa rika lake walikulia katika nchi iliyokuwa inajijenga upya, na michezo mingi ya ligi yao ya vikapu ilichezwa nje, juani na upepo ukivuma, sawa na sisi tunavyocheza pale nyuma ya maabara. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na nyavu kwenye vikapu!

Akiwa kijana alijiunga na klabu ya OKK Beograd. Beograd ndilo jina la Belgrade kwa lugha yao. Kocha wake pale alikuwa Borislav Stanković, mtu ambaye elimu yake ilikuwa ya udaktari wa mifugo. Ndiyo, daktari wa ng'ombe! Usicheke, kwa sababu huyo huyo baadaye alikuja kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vikapu duniani, FIBA, kuanzia 1976 hadi 2002, na ndiye aliyefungua mlango wachezaji wa kulipwa wa Marekani wakacheza katika Olimpiki ya Barcelona mwaka wa 1992. Basi mtaalamu huyo wa mifugo alipewa kijana mwenye nywele za rangi ya dhahabu iliyokolea, hata wenzake wakambandika jina la utani la Žućko, kwa ajili ya rangi hiyo. Urefu wake ulikuwa kama mita 1.95. Kwetu huyo ni mlingoti, lakini chini ya kikapu cha mashindano makubwa alikuwa mtu wa kawaida tu. Timu ya Urusi ya siku hizo, yaani Umoja wa Kisovieti, ilikuwa na jitu liitwalo Jānis Krūmiņš, ambalo lilizidi mita mbili kwa mbali. Korać alikuwa akiruka katikati ya majitu kama hayo na kurudi na mpira.

Tena alikuwa mashoto.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana mimi pia ni mashoto. Ninyi wenzangu wa mkono wa kulia hamjui taabu zetu. Nyumbani, nyanya hataki kabisa nimpe kitu kwa mkono wa kushoto, na kwa hilo sibishani naye kwa kuwa ndizo adabu zetu. Lakini nilipokuwa darasa la kwanza nilichapwa rula kwenye vidole mpaka nikajifunza kuandika kwa kulia, na kuna watoto walioniambia ati mashoto ni mkosi. Hadi leo kalamu naishika kwa kulia, ila mpira ukinijia unakimbilia kushoto wenyewe. Ndiyo sababu nilipogundua kwamba mfungaji hatari kuliko wote Ulaya katika miaka ya sitini alikuwa mtu wa kushoto, moyo wangu uliruka. Mkono ule ule uliochapwa mimi, yeye uliwatesa mabeki wa nchi nzima. Beki amezoea kuzuia mkono wa kulia, na huyu anampitia upande asioutazamia. Kumbe kile ambacho watu wanakiona kilema kinaweza kuwa silaha!

Na silaha hiyo ilifanya kazi si haba. Korać na OKK Beograd walitwaa ubingwa wa Yugoslavia mara nne, yaani mwaka wa 1958, 1960, 1963 na 1964. Yeye mwenyewe alikuwa mfungaji bora wa ligi hiyo mara saba. Katika Kombe la Mabingwa wa Ulaya, klabu yake ilifika nusu fainali mwaka wa 1964 na tena 1965, na mara hiyo ya pili ikatolewa na Real Madrid ya Hispania.

Lakini siku ambayo haitasahaulika ni tarehe 14 Januari 1965. OKK Beograd walikuwa wanacheza na Alviks, mabingwa wa Sweden, katika kombe hilo la Ulaya. Siku hiyo Korać alifunga pointi 99. Narudia, tisini na tisa, mtu mmoja, mchezo mmoja! Timu yake ilipata 155 na wageni 57, kwa hivyo Korać peke yake aliwashinda Waswidi wote na chenji ikabaki. Tena kumbuka kwamba siku hizo hapakuwa na mstari wa pointi tatu. FIBA iliuleta mstari huo mwaka wa 1984. Kila alipofunga kikapu alipata mbili tu, na kila mtupo huru ulihesabiwa moja. Hebu chukua kalamu ujaribu kuhesabu ni mara ngapi mpira ulipita katika kile chuma.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya, nalo ni hiyo mitupo huru. Mchezaji akifanyiwa faulo wakati anatupa, hupewa nafasi ya kusimama peke yake, mita 4.6 kutoka kwenye ubao wa kikapu, bila mtu wa kumzuia. Ni pointi za bure. Hata hivyo wengi wetu tunazikosa kama tuliofungwa kitambaa machoni. Korać hakuwa akitupa juu ya kichwa kama watu wengine. Yeye aliushika mpira kwa mikono miwili, akapinda magoti, akaushusha katikati ya miguu, halafu akaupandisha taratibu kwa mikono yote miwili na kuuachilia. Mpira ulipanda juu sana, ukazunguka kidogo kuelekea nyuma, kisha ukashuka polepole. Faida yake ni kwamba mikono yote miwili inafanya kazi sawa, na hata mpira ukigonga chuma haukimbii mbali, kwa kuwa umetua kwa upole kama kuku anayelala juu ya mayai.

Kwa macho, mtindo huo si wa kujivunia. Mtu akiutazama anaona mtoto mdogo anayemwaga karai la maji. Lakini inasimuliwa kwamba alipokuwa Ubelgiji alialikwa mbele ya kamera za televisheni aonyeshe ufundi wake, akatupa mara 100 kwa mtindo huo na kufunga zote 100. Hakukosa hata moja. Siku ile hakuna aliyecheka.

Nataka umlinganishe na mtu mwingine mkubwa, Wilt Chamberlain wa Marekani. Huyu alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 2.1 na nguvu za ajabu, lakini mitupo huru ilimshinda kabisa. Katika msimu wa 1961 hadi 1962 alikubali kutupa kutoka chini kama Korać. Tarehe 2 Machi 1962, katika mji wa Hershey, alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja, na katika hizo mitupo huru ilikuwa 28 kati ya 32 aliyopewa. Ungedhani baada ya hapo asingebadilisha tena. La, aliacha. Yeye mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba aliona haya, alihisi anaonekana kama mwanamume asiye mwanamume. Akarudi kutupa kama wengine, na akarudi kukosa. Mtu aliyeweza kupambana na kila jitu uwanjani alishindwa na kicheko cha watu waliokaa vitini!

Mimi naona hapo ndipo Korać anapomzidi. Sisemi kwa pointi, kwa sababu mwenzake alifikisha 100 na yeye 99. Alimzidi kwa kutojali kuchekwa. Alipata njia inayofaa akashikamana nayo hadi mwisho, wacheke wasicheke. Waswahili walisema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, lakini yeye hakuwa na haja ya kurejea popote maana hakuliacha zizi lake.

Tukija kwenye timu ya taifa, habari inaanza kuwa na huzuni kidogo. Korać alikuwa mfungaji bora katika mashindano manne ya Ulaya mfululizo, yaani 1959, 1961, 1963 na 1965. Katika Olimpiki ya Roma mwaka wa 1960 pia aliongoza wachezaji wote kwa kufunga. Hiyo ndiyo Olimpiki ambayo Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni bila viatu, kwa hivyo mji ule ulishuhudia mengi mwaka huo. Hata hivyo Yugoslavia ilimaliza nafasi ya sita. Mwaka wa 1961 mashindano ya Ulaya yalifanyika nyumbani Belgrade. Korać alichaguliwa mchezaji bora kuliko wote, lakini katika fainali Wasovieti waliwashinda 60 kwa 53. Fedha. Mwaka wa 1963 walikwenda Brazil kwa ubingwa wa dunia. Fedha tena. Mwaka huo huo, huko Poland, walipata shaba ya Ulaya. Mwaka wa 1965, fedha ya Ulaya. Mwaka wa 1967 huko Uruguay, fedha ya dunia. Jamani!

Mwaka wa 1968 ikaja Olimpiki ya Mexico. Sisi Wakenya hatuwezi kuisahau, kwa kuwa ndiyo Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott walituletea dhahabu zetu za kwanza. Wakati Keino anakimbia mita 1500 na kuwaacha watu mbali, Korać na wenzake walikuwa katika mji huo huo wakipigania vikapu. Katika nusu fainali walikutana na wale wale Wasovieti waliowasumbua miaka yote. Mchezo ulikuwa mkali hadi dakika ya mwisho, na mwenzake Korać aitwaye Vladimir Cvetković alifunga mitupo huru iliyowapa ushindi wa 63 kwa 62. Unaona, msomaji, jinsi pointi moja ya bure inavyoweza kufungua mlango wa fainali? Lakini katika fainali Wamarekani waliwashinda 65 kwa 50. Fedha nyingine. Ukizihesabu zote, katika Olimpiki na mashindano ya dunia na ya Ulaya, Korać alipata medali tano za fedha na moja ya shaba. Dhahabu hakuishika kamwe. Alivaa jezi ya taifa zaidi ya mara 150 na kuifungia zaidi ya pointi 3,000, na bado ile ya rangi ya njano ikamponyoka.

Usidhani kwamba alikuwa mtu wa mpira tu. Alisomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Belgrade. Alipenda vitabu, michezo ya kuigiza na muziki. Hili nalisema kwa sauti ili lisikike na wale wanaodhani kwamba mchezaji lazima awe mkia darasani, na pia wasikie wale walimu wachache wanaodhani vivyo hivyo. Msimu wa 1967 hadi 1968 alikwenda kuchezea Standard Liège ya Ubelgiji, na mwaka huo wakawa mabingwa wa nchi hiyo. Msimu uliofuata alikuwa Italia na klabu ya Petrarca Padova, akawa mfungaji bora wa ligi ya Waitaliano.

Kisha ikafika tarehe 2 Juni 1969. Korać alikuwa Sarajevo, katika Bosnia, alikokwenda kwa mchezo wa kirafiki. Baada ya mchezo aliingia katika gari lake aina ya Volkswagen, aina ile ndogo ya mgongo wa kobe, akashika njia ya kurudi Belgrade. Hakufika. Nje ya Sarajevo gari lilipata ajali na Korać akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Sisi tunazijua ajali za barabarani. Wengi wetu wa shule za kutwa tunapanda matatu asubuhi na jioni, na hakuna kijiji kisicho na kaburi la mtu aliyetoka nyumbani mzima akarudishwa amefunikwa shuka. Ajali haiulizi wewe ni bingwa au ni nani. Mikono iliyofunga mitupo 100 bila kukosa haikuweza kuzuia chuma. Mungu amlaze mahali pema.

Mwaka mmoja baadaye, Mei 1970, duru ya mwisho ya mashindano ya dunia ilifanyika katika mji wa Ljubljana, nyumbani Yugoslavia. Yugoslavia iliwashinda Wamarekani 70 kwa 63 na ikawa bingwa wa dunia kwa mara ya kwanza. Dhahabu ile aliyoitafuta kwa miaka kumi ilikuja, na mwenyewe hayupo. Ama kweli mchimba kisima si lazima awe mnywa maji. Lakini nani atasema kwamba hakukichimba?

Wenzake hawakumsahau. Shirikisho la vikapu la Yugoslavia liliamua kwamba tarehe 2 Juni michezo ya vikapu isichezwe. FIBA nayo ilianzisha kombe jipya la vilabu vya Ulaya, ikaliita Kombe la Korać. Klabu ya kwanza kulitwaa ilikuwa Lokomotiva ya Zagreb mwaka wa 1972, na kombe hilo liliendelea kushindaniwa hadi 2002. Lilipokoma, Waserbia walilipa jina lake kombe la nchi yao. Mwaka wa 2007 FIBA ilipofungua jumba lake la mashujaa, Korać alikuwa miongoni mwa wachezaji wa kwanza kuingizwa.

Sasa nikuambie linalonihusu mimi. Tangu nianze kusoma habari za Korać nimekuwa nikijaribu mtindo wake saa ya chakula cha mchana, kwa sababu jioni sisi wa kutwa hukimbilia matatu kabla nauli haijapanda. Kwa mtindo wa kawaida nilikuwa nafunga tisa katika kila mitupo ishirini. Kwa mtindo wa Korać, baada ya wiki tatu, nafunga kumi na tatu. Wanafunzi wanaopita na sahani zao za githeri wananicheka, wananiita ati Mama Karai. Mmoja wa wachezaji wetu wakubwa ameniambia wazi kwamba nikitupa hivyo katika mashindano ya kaunti ndogo muhula ujao nitaiaibisha shule. Na siku hiyo, kama mnavyojua, wasichana wa shule jirani watakuwa wamejaa pembeni mwa uwanja.

Mwaka jana tulitolewa kwa pointi mbili, na mitupo huru tuliyokosa siku hiyo ilikuwa kumi na moja. Mimi si Korać, na kikapu chetu hakina wavu. Lakini ninauliza, ni aibu gani kubwa zaidi, kuchekwa ukifunga au kusifiwa mtindo ukikosa? Chamberlain alijibu swali hilo kwa njia yake na Korać kwa yake. Muhula ujao nami nitasimama kwenye ule mstari na itanibidi nijibu. Ukiwepo, msomaji mwenzangu, nakuomba uhesabu pointi kwanza, halafu ucheke ukitaka.